Namna ya kukadiria wenye OCD katika kata yako, Mtwara na Lindi

Ukitegemea daftari la zahanati, utasema ugonjwa wa mawazo sumbufu na vitendo vya kurudiarudia (OCD) haupo huku kwetu. Upo. Wagonjwa wanaficha, na wahudumu hawaulizi. Kwa hiyo anza na hesabu.

Uchunguzi mkubwa wa kitaifa nchini Marekani ulikuta 1.2% ya watu wazima wana OCD ndani ya mwaka mmoja, na 2.3% wamewahi kuipata maishani. Ulinganisho wa nchi saba uliochapishwa 1994 ulitoa 1.9% hadi 2.5% maishani, isipokuwa Taiwan, 0.7%. Chukua 1.2% kama makisio ya kuanzia: kata yenye watu wazima 5,000 itegemee kama 60. Usihoji 100 ukaishia hapo, maana hata kiwango kikiwa hicho, kuna nafasi 3 kati ya 10 usimpate hata mmoja. Ukihoji 300, nafasi hiyo inashuka chini ya 3 kati ya 100. Kaya zichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka orodha ya mtaa au kijiji. Waliojaa kliniki hawawakilishi wengine.

Kazi huharibikia kwenye maswali. "Unapenda usafi?" Nani atakataa? Uliza muda: mawazo au vitendo hivyo vinakula zaidi ya saa moja kwa siku? Vinakwamisha kazi? Na udhu uulize waziwazi. Sunna ni kuosha kiungo mara tatu. Anayemaliza dumu la lita 20 kwa udhu mmoja, tena Newala ambako maji ni ya shida, kisha akarudiarudia takbira mpaka wakati wa swala unatoka, huyo anateseka. Tafadhali asiambiwe ana shetani.

Mzazi aliyejifungua karibuni muulize faragha, mkwe asiwepo. Akisema anajiwa na picha ya kumdhuru mwanawe, hata kaficha visu, kwa kawaida hataki kabisa jambo hilo, linamtisha. Anayesikia sauti zikimwamuru, au mwenye nia ya kudhuru, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ukihoji na watoto, kumbuka wavulana huanza mapema zaidi. Ukubwani wanawake huzidi kidogo.

Wengine wenye dalili waelekeze hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), waulizie huduma ya afya ya akili. Waambie mapema kwamba dawa kama fluoxetine huhitaji wiki 8 hadi 12 kuonyesha matokeo, wasije wakaiacha wiki ya pili.