SOMO: Seva bila kibodi wala skrini (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu salaam. Swali la "nimechomoa kibodi mashine imegoma" nimelijibu mpaka basi, kwahiyo naliandika hapa mara moja, ukikwama nitakurudisha hukuhuku. Naongelea zile kompyuta za mezani za mtumba ambazo wengi hapa Moshi na Arusha tunazigeuza seva kwa Linux ya Debian au Ubuntu.

1. SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine kwa kuandika amri): sudo apt install openssh-server, halafu sudo systemctl enable --now ssh.

2. Ingia kwenye rauta, mashine ipewe IP (anwani yake ya mtandao) ileile siku zote. Tumia waya, sio waifai.

3. BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, inayofunguka kabla ya Linux). Hapa ndo wengi wanaumia. Mashine inajikagua kabla hata haijagusa diski, na nyingi za zamani zikikosa kibodi zinasimama hapohapo zinasubiri mtu abonyeze F1, Linux yako haijaanza kabisa kwahiyo hiyo SSH utaisubiri mpaka kesho. Tafuta "Halt On" weka "No Errors" au "All, But Keyboard", kwenye Dell nyingi ni "Keyboard Errors", izime. Halafu "AC Recovery" au "Restore on AC Power Loss" weka "Power On" ili umeme ukirudi iwake yenyewe. Sasa betri ya saa, ile CR2032 ya volti 3 kwenye ubao: ikifa, umeme ukikatika mashine nyingi zinasahau yote hayo. Kuna duka Kiboriloni walipanga kila kitu vizuri, umeme ukakatika usiku, asubuhi feni inazunguka, taa inawaka, ping (kuiita mashine kwenye mtandao uone kama inajibu) hakuna. Kuchomeka skrini tunakuta saa imerudi miaka nyuma na F1 inasubiriwa. Kwahiyo mtumba ukifika tu badilisha betri kwanza, NDIPO upange BIOS.

ONYO: usiipeleke stoo kabla ya kujaribu. sudo poweroff, chomoa kibodi, skrini na waya wa umeme, subiri nusu dakika, rudisha umeme peke yake, ingia kwa SSH. Kureboot tu sio jaribio, maana umeme haujakatika.

4. Kwenye kompyuta unayoingilia tengeneza ufunguo wa kuingia badala ya pasiwedi: ssh-keygen -t ed25519, kisha upeleke kwenye seva kwa ssh-copy-id. Ukishaingia kwa ufunguo weka PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya SSH ya seva, pasiwedi isikubalike tena. Dirisha ulilomo usilifunge mpaka umeingia kwa dirisha la pili.

MASWALI

— Mkuu yangu haiwaki msaada haraka
Haiwaki vipi? Feni inazunguka? Ping inajibu? Mashine gani? Rudi na majibu.

— Nimefanya zote ila ya 3 niliiruka ndefu sana, bado inagoma
Ndo hiyo uliyoiruka.

— Mimi niko Sakina. Diski nimeifunga kwa LUKS (ile ya kuficha data kwa pasiwedi), kila ikiwaka inaomba pasiwedi, bila kibodi inawezekana kweli?
Inawezekana dada, na umeuliza la maana. Weka dropbear-initramfs, ni SSH ndogo inayoamka kabla diski haijafunguliwa. Ufunguo wako wa umma uweke kwenye /etc/dropbear/initramfs/authorized_keys, piga sudo update-initramfs -u, ikiwaka ingia kama root uandike cryptroot-unlock. Ipe porti yake, sio 22 ya SSH ya kawaida, la sivyo kompyuta yako italalamika kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Jaribu kibodi ikiwa bado imechomekwa. Ukikwama niandikie, nitakusubiri.

— Huku Njiro umeme unarudi, unakata, unarudi tena, si itaua diski?
Ndo maana ya UPS, ile betri ya akiba ya umeme. Iunganishe kwa USB uweke NUT (programu inayosoma hali ya UPS), betri ikikaribia kuisha seva inajizima yenyewe kistaarabu.

— Naongezea: laptop ya zamani ina UPS yake ndani, weka HandleLidSwitch=ignore kwenye /etc/systemd/logind.conf uifunike
Kweli kaka, ila betri iwe nzima. Ikianza kuvimba itoe siku hiyohiyo.