Mdogo wako akikwambia ni shoga na nyumba yenu ni ya swala tano, anza hivi

Nipo Mikindani. Baba yangu alfajiri msikitini haimpiti hata mvua inyesheje, upande wa mama ni Waanglikana wa Masasi toka enzi za mabibi, kwahiyo mi nimekua nasikia adhana huku nyumbani na likizo nasikia kengele kule kwa bibi. Nasema mapema ili mtu asije akadhani anaeandika ni mtu ambae dini imemshinda. Naswali, nafunga, na mdogo wangu wa kiume ni shoga. Siku aliyonambia nilivuruga vibaya sana, na kila nikisikia nyumba nyingine imepata jambo kama hili najua wanaenda kuvuruga palepale nilipovuruga mimi, ndo maana naandika.

Kwanza hilo neno lenyewe. Huku kwetu mwanamke anamwita mwenzie shoga siku nzima, shoga yangu njoo tukasuke, shoga yangu nikopeshe unga, na hakuna anaegeuka. Neno hilohilo ukimwambia mwanaume mtaani watu wanatafuta mawe. Kwahiyo ukiwa unaongea na wazee nyumbani usilitumie kabisa, sema "mwanetu" au taja jina lake, maana ukishasema lile neno kinachojadiliwa sio mtoto tena.

Siku ya kwanza

Tulikuwa uani tunabangua korosho za kula nyumbani, zile za kukaanga kwenye bati, na wanaojua kazi hiyo wanajua mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi. Akanambia huku anaangalia vidole vyake tu, vimebadilika rangi, anavisugua na majivu. Mi swali langu la kwanza likawa "nani kakuharibu?" Akanyamaza, na tangu hapo ilichukua karibu mwaka kunambia kitu kingine chochote.

Usiulize nani, usiulize wapi, usiulize mmefanyaje, usilie kwa sauti ukamfanya aanze kukubembeleza wewe. Sema nimekusikia. Sema wewe bado ni mdogo wangu. Alafu muulize kitu kimoja tu cha maana, nani mwingine anajua, kwasababu jibu la hapo ndo litakwambia mna muda kiasi gani. Kama anaejua ni wewe peke yako mna muda wa kutosha, msikimbilie popote. Kama kuna mtu ana meseji zake au picha, muda hamna, anzeni na simu. Abadilishe namba ya siri, afute vya kufuta, aache kumuazima simu binamu eti anacheki mpira.

Sisi ilitoka hivyohivyo, simu iliazimwa, skrinshoti ikapigwa, ikaingia grupu la familia saa nne usiku, kufika asubuhi hadi shangazi wa Newala kashapiga.

Alafu ukae kimya wewe. Hapa ndo wengi tunaanguka, maana tunajiambia naenda kuomba ushauri kumbe tunaenda kusambaza. Kwa Waislamu hili sio suala la ustaarabu tu, ni amri, soma Surat Al-Hujurat aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana, na tunayo hadithi ya Mtume iliyo sahihi kabisa kwamba anaemsitiri Muislamu Mwenyezi Mungu atamsitiri siku ya Kiyama. Na An-Nur aya ya 4 inasema anaewasingizia wanawake watwaharifu zinaa bila mashahidi wanne anapigwa bakora themanini na ushahidi wake haupokelewi tena. Angalia uzito huo ulivyowekwa kwa mdomo wa msemaji. Mtu anaefowadi skrinshoti ya mtoto wa mwenzie alafu anaandika chini astaghfirullah, aende akasome hapo kwanza.

Sheria ujue ili usifanye ujinga

Tanzania sheria ipo na ni nzito. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo wanaloliita kinyume cha maumbile, kifungo cha maisha, na hakipungui miaka 30, ukali huo uliongezwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Sheria inaongelea tendo. Haijaandika popote kwamba mtu kuwa alivyo, au dada yake kumpa chakula, ni kosa. Ila mtaani watu hawasomi vifungu. Mnakumbuka mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kikosi cha kuwasaka watu kama mdogo wangu na kuwaambia wananchi wapeleke majina, watu wakaanza kuhama makwao, wakati Wizara ya Mambo ya Nje baadae ilitoka ikasema yale ni mawazo yake sio msimamo wa serikali. Majina yalikuwa yashaanza kutajwa. Kwahiyo ukikasirika ukasema "ntakupeleka polisi" ili kumtisha tu, elewa unatishia miaka 30 ya mtoto mliyelala nae mkeka mmoja.

Na akitokea wa kumdai hela ili asimtangaze, asilipe. Akilipa elfu hamsini leo, wiki ijayo atadaiwa laki. Kumtisha mtu ili akupe hela ni kosa la jinai nalo, ila kabla ya kwenda popote tafuteni wakili, usimpeleke kituoni peke yake.

Usianze na baba, anza na mjomba

Kwetu Wamakonde, na Wamwera wa Lindi, na Wayao na Wamakua pia, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndo anasimama kwenye jando, mjomba ndo anaitwa mambo yakiharibika. Mi nilikurupuka nikamwambia mama, mama akashindwa kubeba, baba akaja kuikuta kwenye grupu, na baba wa kiislamu wa Mikindani akikuta kitu kama kile mbele ya macho ya ndugu thelathini anachofikiria kwanza ni uso wake msikitini.

Kama ningeanza na mjomba ingekuwa tofauti. Mjomba yetu ni mzee wa kanisa kule Masasi, anakasirika taratibu. Chagua mjomba ambae ameshawahi kumaliza kesi ya ndoa bila mtaa kujua, huyo anajua kufunga mdomo. Nenda mwenyewe, sio kwa simu, mbebee kitu kidogo kama kawaida, na useme kabisa unachotaka: "Mjomba sijaja kuomba uhalalishe kitu, nimekuja kuomba mtoto asitoke nyumbani." Ukitenganisha hayo mawili mzee anapata pa kusimama. Ukiyachanganya atakupa hotuba ya Sodoma ya masaa mawili na hatofika kwenye suala la mtoto.

Na atakwambia hakuchezwa vizuri jandoni. Wote wanasema hivyo. Usibishane, muulize tu, wale waliochezwa nae siku moja kambi moja mbona wana watoto watatu?

Aya zitakazoletwa na namna ya kuzipokea

Sikwambii uzigeuze aya. Mimi si sheikh, na kisa cha kaumu Lut, wale watu wa Nabii Lut, nimekisoma kama ulivyokisoma. Ninachokwambia ni kwamba mzazi mwenye hasira huchukua aya za adhabu akaziacha za malezi, na kazi yako ni kumrudishia alizoziacha.

Baba yangu alikuja na At-Tahrim aya ya 6, jikingeni nafsi zenu na ahali zenu na moto. Aliisema huku anamtoa mtoto nje na begi lake. Nilikaa nayo ile aya siku tatu, na siku hizo tatu mdogo wangu alikuwa analala ndani ya mtumbwi uliopandishwa ufukweni, amejifunika turubai la mwenye chombo. Siku ya nne nikamwambia, baba, aya imesema ukinge ahali, wewe umemtoa nje, sasa huko nje nani anamkinga? Akanambia usinifundishe dini, na kweli sikuendelea, nikaondoka. Ukishasema, ondoka, mwache na aya yake.

Nyingine iliyomgusa ni ya Nabii Nuhu, Surat Hud kuanzia aya ya 42. Mawimbi yameshakuwa kama milima, mtoto kajitenga pembeni, bado baba anamwita "ewe mwanangu, panda pamoja nasi." Mzee msomi atakujibu na aya ya 46, Mungu alimwambia Nuhu huyo si katika ahali zako. Kweli. Ila aliyesema hivyo ni Mwenyezi Mungu, Nuhu mwenyewe hakuwahi kulitamka, yeye aliita mpaka wimbi lilipoingia katikati yao. Sasa hapa kwetu hata mvua bado.

Kwa upande wa kanisa mtaletewa Mambo ya Walawi 20 na Warumi 1. Sawa, zipo. Fungua nao Ezekieli 16 mstari wa 49 uwasomee nabii anavyoitaja dhambi ya Sodoma: kiburi, kushiba, raha, na kutomsaidia maskini na mhitaji. Mstari wa 50 unataja machukizo pia, usiufiche, soma yote mawili, utaheshimika zaidi. Waanglikana wana azimio lao la Lambeth, mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima, la 1998, lile la 1.10, linakataa vitendo hivyo kwamba haviendani na Maandiko na wakati huohuo linawataka wawahudumie watu hawa kichungaji na kuwasikiliza. Huku kwetu nusu ya kwanza inahubiriwa, ya pili sijawahi kuisikia mimbarini. Na kwa Wakatoliki, wa Ndanda na kwingine, Katekisimu namba 2358 inasema wapokelewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe isivyo haki. Hayati Papa Fransisko Januari 2023 alisema kuwa hivyo sio uhalifu, akatenganisha dhambi na uhalifu. Ile barua ya Roma ya Desemba 2023, ya mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, usiiingize kabisa kwenye kikao cha familia, maaskofu wa Afrika walishaikataa Januari 2024 na utatumia usiku mzima kubishana habari za Roma wakati mtoto yuko nje.

Kilichomlainisha bibi yangu lakini hakikuwa katekisimu. Ni kumkumbusha lile kanisa la Masasi lilianzaje mwaka 1876. Lilianza na watu waliokombolewa utumwani, watu ambao hawakuwa na kwao, wakapewa pa kukaa. Bibi anaijua hiyo hadithi kuliko mchungaji. Akanyamaza, akasema basi mleteni aje kulima huku.

Ukienda kwa sheikh au padri, usitaje jina. Sema kuna mtu kaniuliza. Ukiona anauliza "ni mtoto wa nani" kabla hajauliza "yuko salama?", maliza chai yako uage.

Tiba

Utaletewa tiba kabla hata hujakaa. Kuna wa kombe, yale maandishi ya aya yanayooshwa mtu anywe, wa kuombewa siku saba bila kula, mganga anaetaka kuku na laki mbili. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990, kwahiyo hakuna hospitali yenye dawa yake. Kumuombea muombee, dua haijawahi kumdhuru mtu, ila dua ya kufungiwa chumbani na njaa ni mateso.

Na kumuozesha. Hapo nakuomba kwa mikono miwili usikubali, hata ukiambiwa mahari wanatoa wao. Nimeona binti amerudishwa kwao baada ya miezi minane anaamini yeye ndo mbaya, kakonda, na wenye siri wote walikuwa wamekaa jamvini siku ya nikahi wanakula pilau. Yule binti nae ni mtoto wa mtu.

Kama ana mahusiano mpeleke akapime VVU, ulizeni na dawa za kujikinga na maambukizi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inamlazimu mhudumu kutunza siri. Kama kituo cha jirani kina dada anaeongea sana nendeni cha wilaya nyingine, nauli sio hasara.

Sahani

Kitu kidogo ambacho kilimuumiza kuliko kufukuzwa, na alinambia mwenyewe, ni sahani. Siku ile siri ilipotoka, kabla ya begi, sisi tulikula sinia moja kama siku zote, yeye akawekewa sahani yake ya bati pembeni ya mlango, na ilipooshwa ikaoshwa peke yake. Hakuna aliyetoa amri kwa sauti. Mama aliipakua tu hivyo.

Kwahiyo ukiona nyumbani kwenu sahani imeanza kutengwa, usihutubie, chukua ya kwako ukakae nae hapo mlangoni mle pamoja. Fanya hivyo kila siku. Mi sikufanya siku ile, nilibaki kwenye sinia nikawa natazama wali.

Yeye sasa hivi yuko mji mwingine, anafanya kazi, anaswali. Baba hajawahi kumwita kwa jina toka siku ile. Ila kila msimu wa korosho ananipa boksi nilipeleke stendi, limefungwa kamba mwenyewe, juu haandiki jina, anaandika namba ya simu tu, na namba ile hajawahi kuniuliza, ina maana anayo. Mwaka huu aliongeza na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku, akanambia mwambie konda asiiweke karibu na injini, itaoza kabla haijafika.