Kutandaza kokoto chini ya misingi ya nguzo za baraza la mbao

Tabaka la kokoto chini ya msingi wa zege husawazisha sakafu ya shimo, hupokea maji kidogo yanayojipenyeza na humwepusha fundi na kumwaga zege juu ya tope. Hata hivyo, uzito wa baraza hubebwa na udongo ulio chini ya kokoto hizo. Kwa hiyo anayechimba akakuta udongo laini au kifusi cha zamani asidhani kwamba kokoto zitamwokoa, bali aendelee kuchimba mpaka afikie udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbuliwa.

Kina cha shimo ni kina cha msingi kujumlisha unene wa kokoto, jambo ambalo husahaulika mara nyingi. Kwa baraza la kawaida, sentimita 10 hadi 15 za kokoto zilizokwisha kushindiliwa zinatosha. Penye baridi kali, zege lenyewe lazima lishuke chini ya kina ambacho ardhi huganda, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kuinua nguzo. Sakafu ya shimo iwe bapa, na udongo uliolegea uondolewe wote, hata kwa mkono. Ukichimba kupita kiasi, usirudishe udongo. Jazia kokoto au zege.

Chagua kokoto zilizopondwa, zenye kingo kali, za ukubwa wa milimita 20 hivi, ambazo hazina vumbi jingi. Vumbi huzifanya zishikane zaidi, lakini huziba nafasi za kupitishia maji. Mawe ya mtoni yafaa kupambia bustani tu, maana ni ya mviringo na yakibebeshwa mzigo huteleza kama punje za mahindi chini ya kiatu. Shimo la duara lenye kipenyo cha sentimita 45, kwa unene wa sentimita 15, huhitaji takriban lita 24. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya kushindilia, nawe utatumia karibu ndoo moja na nusu za lita 20.

Kabla ya kumwaga kokoto, shindilia sakafu ya shimo lenyewe. Kisha mimina nusu ya kokoto, shindilia mpaka zisizame tena, ndipo umimine nusu ya pili. Anayemimina zote kwa mkupuo hukaza za juu tu, na za chini huja kujipanga zenyewe baadaye, baraza likiwa limekwisha kupigiliwa. Kisigino kikikanyaga bila kuacha alama, na pimamaji likikaa sawa pande zote, kazi imetimia.

Kwenye udongo wa mfinyanzi pana mtego: maji hayana pa kwenda, hivyo shimo lenye kokoto hugeuka bakuli na kuulainisha udongo uleule unaotegemewa. Hapo punguza tabaka liwe jembamba, au mwaga zege moja kwa moja juu ya udongo mkavu na mgumu, na uinamishe ardhi ya juu ili maji ya mvua yaende mbali na nguzo.

Siku ya kumwaga zege, nyunyizia kokoto maji kidogo zisinyonye maji ya zege, bila kuacha dimbwi. Nondo zisilale juu ya kokoto. Zipandishe kwa vipande vya zege hadi sentimita 7.5, zisije zikapata kutu.