Mbwa wako kaota mvi? Mkague hivi kabla hujasema kazeeka

Hapa Tanga ukifuga mbwa mweusi, majirani wanaziona mvi zake kabla yako, utasikia tu "huyo sasa babu, tafuta mwingine wa kulinda". Tulia kwanza. Mvi sio ugonjwa, ni vile chembe zinazotia rangi kwenye shina la nywele zimechoka basi unywele unatoka mweupe. Mara nyingi zinaanzia kidevuni na pembeni ya mdomo, halafu nyusi, kwenye miaka 5 mpaka 7 hivi, ila wale wa rangi ya mchanga wanazificha vizuri tu.

Sasa ukitaka kujua umri usiangalie mvi peke yake, angalia meno. Kaa nae chini akiwa ametulia, mpandishe mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba. Kijana meno yake meupe na yamechongoka, mzee yamelika, yana unjano na ukoga kule nyuma (japo mbwa wa kuguguna mifupa na mawe atakudanganya, yake yanaisha mapema). Hapohapo cheki fizi. Ziwe za pinki, na kama ni zile nyeusi za asili basi vuta kope ya chini uangalie ndani. Ukikuta kumepauka hiyo sio mvi wala uzee, joto la huku kupe hawaishi na wanaleta magonjwa ya damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Macho nayo. Ukungu wa bluu kwa mbali ni kawaida ya uzee na bado anaona, ila yakiwa meupe kama tui na anajigonga kwenye ndoo, huyo ana mtoto wa jicho.

Na mwenye mvi ana miaka miwili mitatu tu? Kuna utafiti wa Marekani wa 2016, waliangalia mbwa 400 wa mwaka 1 mpaka 4, wakaona wale waoga na wenye papara ndio wenye mvi zaidi mdomoni. Haina maana kila mwenye mvi ana stresi, lakini kama wako kafungwa mnyororo kutwa nzima we mfungulie bwana, atembee.

Halafu kuna watu wanawapaka piko wabaki weusi, jamani acheni! Ile kemikali inaunguza ngozi na atairamba yote.

Mzee mtandikie gunia kavu asilale kwenye sementi, mtembeze kabla jua halijawa kali, chanjo ya kichaa endelea nayo kila mwaka. Akichechemea usimpe panadol wala diklofenaki, dawa zetu zinawaua. Na masikio yakianza kugoma usimshike akiwa amelala, piga mguu chini kwanza asikie mtikisiko, maana akishtuka anang'ata hata aliyemlea.