Somo: Kuzuia kutu kwenye vyuma vya nje katika nyumba ya pwani

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa, lakini karibu na bahari huongezeka chumvi. Upepo hubeba matone madogo mno ya maji ya bahari na kuyatua juu ya geti, grili na bawaba. Maji yakikauka, chumvi inayobaki hunyonya unyevu wa hewa hata siku zisizo na mvua, na chuma hukaa kimeloa bila mwenye nyumba kutambua. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuondoa chumvi, wala si kwa kununua rangi.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Tumia maji yasiyo na chumvi, kila wiki ikiwezekana. Sehemu zisizofikiwa na mvua, kama vile chini ya paa la baraza na mgongo wa geti, mara nyingi ndizo huoza mapema, kwa sababu hakuna kinachoziosha. Wengi huziona salama wakaziacha, nami nasihi zipewe maji kuliko zote.

Hatua ya pili ni kuondoa kutu iliyokwisha kuingia. Osha kwanza kwa sabuni, kisha sugua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kigumu kionekane, halafu osha tena na ukaushe. Uoshaji huu wa pili hurukwa mara nyingi, ilhali chumvi hujificha ndani ya vishimo vya kutu. Ikifunikwa na rangi, huvuta maji kutoka chini na rangi hufura malengelenge.

Hatua ya tatu ni rangi. Anza na praima (rangi ya kwanza ya msingi) yenye zinki nyingi, ipakwe juu ya chuma kitupu, kwa kuwa zinki huliwa kwanza badala ya chuma. Fuatisha epoksi, yaani rangi ngumu ya kuchanganywa na kigandishi, kisha rangi ya juu ya poliyurethani, aina inayostahimili jua, maana epoksi ikiachwa juani hupauka na kuwa unga. Kingo, maungio ya kuchomelea na vichwa vya bolti vipakwe kwa brashi kabla ya sehemu nyingine, kwani rangi hukimbia kingo kali na kubaki nyembamba hapo. Usipake unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, wala umande ukiwa bado juu ya chuma.

Mwisho, toboa matundu chini ya mabomba ya geti ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, reli zangu ni za chuma cha pua, mbona zina madoa ya kahawia?

Jibu: Huenda ni daraja la 304, aina ya kawaida ya chuma cha pua. Karibu na bahari hufaa zaidi 316, lenye molibdeni, metali inayosaidia kupinga chumvi, kama asilimia 2 hadi 3, ingawa nalo huhitaji kuoshwa. Epuka brashi ya chuma cha kawaida, ambayo huacha chembe zinazoshika kutu, pamoja na dawa za klorini.

Swali: Je, naweza kupaka geti oili chafu ya gari?

Jibu: Tafadhali usifanye hivyo. Huzuia maji kwa muda mfupi, huchafua udongo, na rangi utakayopaka baadaye haitashika. Kwa bawaba na kufuli tumia grisi isiyoyeyushwa na maji.

Swali: Ndugu mwalimu, nifunge mabati ya alumini kwa skrubu za chuma cha pua?

Jibu: Unaweza, mradi uweke washa za plastiki au mpira kati yake. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa, na hapa alumini ndiyo dhaifu. Kinyume chake ni hatari zaidi: skrubu ndogo ya alumini katika bamba kubwa la chuma cha pua huliwa upesi sana, kwa hiyo usiitumie hata kwa muda.