SOMO: RabbitMQ, Kafka au Mosquitto? Jinsi ya kuchagua broka

Wakuu, naulizwa kila wiki "broka ipi ni bora?" Broka ni programu inayopokea ujumbe kutoka programu moja na kuufikisha kwa nyingine. Naandika mara moja hapa.

Hatua ya 1. Ujumbe ukishasomwa, bado unauhitaji? Kama ni kazi ya kufanywa ikaisha, mfano kutuma SMS au kutoa risiti, chukua RabbitMQ: mpokeaji akithibitisha, ujumbe unafutwa. Kama idara tatu zitasoma matukio yaleyale, kila moja kwa mwendo wake, au utataka kurudi nyuma kusoma tena, chukua Kafka. Ile ni daftari. Usipobadilisha mipangilio yake, inatunza ujumbe siku 7, umesoma hujasoma.

Hatua ya 2. Vifaa vidogo na mtandao wa kusuasua: MQTT (utaratibu mwepesi wa kutumiana ujumbe), kwa broka ya Mosquitto. MQTT ilibuniwa 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setilaiti.

Hatua ya 3. Mko wawili tu ofisini? Msianze na Kafka.

Hatua ya 4. Izime seva kwa makusudi kabla ya kuwapa wateja. Hapa ndipo nilipoumia. Foleni ya RabbitMQ (mahali ujumbe unapomsubiri mpokeaji) niliitangaza kuwa ya kudumu, nikaamini na ujumbe uliomo utadumu. Usiku umeme ukakatika. Seva iliporudi foleni ilikuwepo, jina lake lilelile, ndani 0. Taarifa za malipo zilizokuwa zikisubiri zote zimepotea, na tulikaa siku mbili tukioanisha miamala na taarifa ya benki, mstari kwa mstari. Foleni kudumu ni jambo moja, ujumbe kudumu ni jingine: weka delivery_mode=2 (yaani ujumbe uandikwe kwenye diski) kwenye kila ujumbe. Mtumaji asubiri broka ithibitishe kuwa imepokea. Mpokeaji athibitishe BAADA ya kuandika kwenye hifadhidata, kamwe si kabla. Ukiwa na seva 3, tumia foleni za aina ya quorum, ambazo nakala zake hukaa kwenye seva zaidi ya moja. Zile za zamani za kunakiliana ziliondolewa kwenye toleo la 4.0.

ONYO: ukifanya yote haya, ujumbe mmoja unaweza kukufikia mara mbili. Namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, la sivyo utamlipa mtu mara mbili.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo ipi ni bora?
Soma hatua ya 1.

— Kafka inatumiwa na makampuni makubwa, mbona unaipiga vita?
Sijaipiga vita. Umenitajia makampuni, kazi yako hujaitaja.

— Nina Redis (hifadhidata ya kwenye RAM) tayari, natumia amri zake za PUBLISH na SUBSCRIBE kutuma na kupokea ujumbe. Inatosha?
Kwa malipo, hapana. Asiyekuwepo hewani wakati huo ujumbe umempita. Tumia Redis Streams, inayotunza ujumbe. NATS, broka nyingine, nayo bila JetStream (sehemu yake ya kuhifadhi) haihifadhi kitu.

— Nimeizima seva kama ulivyosema, ujumbe umebaki. Ila mpokeaji mmoja amebeba mzigo wote, mwenzake yuko bure. Kwa nini?
Asante kwa kujaribu kwanza. Hujaweka prefetch (kikomo cha ujumbe anaopewa mpokeaji kabla hajathibitisha), kwa hiyo aliyeunganishwa wa kwanza amesukumiwa mrundikano wote. Fungua ukurasa wa usimamizi, porti 15672: Ready (unaosubiri kutumwa) ikiwa 0 na Unacked (uliotumwa, haujathibitishwa) imejaa, ndiyo hiyo. Anza na prefetch ya 10, kisha pima.

— Na kwenye Kafka?
Kule hesabu partisheni, yaani vipande vya lile daftari; kila kimoja husomwa na mpokeaji mmoja tu wa kundi. Ikiwa moja, wapokeaji watano wa kundi moja watamtazama mmoja akifanya kazi. Unaweza kuziongeza baadaye, kuzipunguza huwezi, na ukiziongeza ujumbe wa mteja yuleyule unaweza kuhamia partisheni nyingine, mpangilio ukavurugika. Kadiria mapema.