Mwanafizikia Kulipelekea Bunge Maoni Kuhusu Fedha za Utafiti

Mhadhiri wa fizikia nchini Kenya anayetaka fedha za utafiti ziongezwe aanze na kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Taarifa ya Sera ya Bajeti, waraka wa serikali unaoonyesha vipaumbele na mipaka ya matumizi, hufikishwa Bungeni kabla ya Februari 15 kupita, na makadirio ya matumizi ifikapo Aprili 30. Hotuba ya bajeti inaposomwa Juni, mafungu yameshapangwa, na ndipo wanasayansi wengi huanza kulalamika. Ingia Februari, au Mei kamati zinapopitia makadirio.

Huhitaji kujuana na mbunge. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe umma. Matangazo ya kukaribisha maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na muda unaotolewa huwa mfupi, kwa hiyo rasimu iwe tayari mapema. Waraka huandikiwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Kama ni mswada, chora jedwali la safu tatu: kifungu, marekebisho, sababu. Safu ya pili ndiyo huwashinda wasomi. Hujaza kurasa za sababu bila kuandika maneno kamili ya kuingizwa katika sheria, na kamati haina wakati wa kuwatungia.

Omba jambo moja. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inautengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya Pato la Taifa. Anzia hapo, kisha onyesha pengo kati ya kiwango hicho na fedha zinazotolewa, kwa kitu kinachoshikika. Chukua kigunduzi cha miale ya gama chenye fuwele ya gerimani, kinachopima mionzi ya udongo wa Mlima Mrima, Kwale, wenye thoriamu nyingi, metali inayotoa mionzi. Fuwele hiyo hupozwa kwa nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sufuri. Nitrojeni hugeuka mvuke usiku na mchana, hata kusipopimwa kitu. Ikikosekana, fuwele hupata joto na kipimo husimama. Andika lita zinazotumika kwa wiki, bei ya lita, zidisha kwa 52, ongeza usafiri. Mbunge wa Kwale ataelewa kwa nini watu wake wanahitaji kipimo hicho. Fomula ziache kwenye kiambatisho.

Saini kwa jina lako, na useme wazi kwamba ni maoni yako. Kusema kwa niaba ya chuo kunahitaji idhini ya maandishi. Pia usiache makala za kitaalamu zidorore, maana kupanda cheo kunategemea hizo kwanza. Kazi ya Bungeni iorodheshe kwenye wasifu chini ya huduma kwa jamii.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ripoti ya kamati ikitoka, tafuta sehemu inayoeleza maoni yaliyopokewa na uamuzi juu ya kila moja. Pendekezo lililokataliwa kwa kukosa gharama lirudishe Februari inayofuata likiwa na hesabu yake.